Fundi Aliyechana Spika

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Miaka yote tuliyopiga muziki pamoja nilimwita Fundi. Mke wake alimwita Fundi. Mchungaji akimwona amejibana kwenye benchi la mwisho kanisani alisema, "Fundi, sogea, mbele kuna nafasi," naye hakusogea. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulize wengine. Mteja akiingia dukani kwake na redio, akaanza kueleza ilinunuliwa wapi na nani aliidondosha, Fundi alimkata: "Lete redio. Historia bakia nayo." Nami nitafanya hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa malori. Shule niliacha darasa la tatu, na kuandika kwangu nilijifunza kwa kuweka alama kwenye mizigo. Leo nina malori matatu na nyumba ya matofali hapa Tororo, na hakuna mtu anayeweza kusimama aseme alinipa hata tofali moja. Kabla ya malori nilinunua ngozi za ng'ombe vijijini nikaziuza Busia. Na Jumapili mchana, katika miaka ile ya wanajeshi, nilikuwa mpiga drams wa bendi iliyoitwa Kokoto.

Tulikuwa watatu. Fundi na gitaa. Karani, ambaye kweli alikuwa karani wa stesheni ya reli, alipiga besi akiwa amevaa tai. Na mimi. Tulianza na rumba kama kila mtu, kwenye harusi na vilabu vya pombe, na hakuna aliyetukumbuka wiki iliyofuata. Kisha Fundi akapata ile spika.

Mhindi mwenye sinema alimpa. Wahindi walikuwa wameambiwa waondoke, na huyu alikuwa amefunga mizigo, anaangalia mashine zake. Fundi alikuwa amemtengenezea zile mashine miaka mingi. Mzee yule akamwambia, "Chukua hii kabla hawajaja wenye bunduki. Wao watafugia kuku." Fundi akaiweka kwenye toroli, akaifunika gunia, akaisukuma mjini kote hadi dukani mchana kweupe. Ilikuwa sanduku kubwa, mtu mmoja hawezi kulibeba bila kulilaani. Alijifungia nalo siku tatu. Siku ya nne alitufungulia mlango, akachomeka gitaa lake la mbao ya mvule alilolichonga mwenyewe, akapiga uzi mmoja wa chini.

Sijui niseme nini kuhusu sauti ile. Haikuwa kelele tu, kelele naijua. Ilikuwa kama lori lililojaa mawe linapanda mlima kwa gia ya kwanza, na lile lori linaimba. Karani alivua tai. Kwenye dansi ya kwanza mama mmoja muuza samaki, aliyekuja kunywa pombe yake kwa amani, alituambia mbele ya watu: "Hii muziki yenu ni kama mtu anatafuna kokoto." Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Jumapili iliyofuata neno Kokoto lilikuwa limepakwa rangi nyeupe kwenye ngoma yangu kubwa.

Harusi zikaisha. Hakuna bibi harusi aliyetaka kitu kile. Waliotutaka ni wengine: watu wa kiwanda cha saruji, watu wa machimbo ya Osukuru, madereva waliolala mpakani wakisubiri karatasi. Hawa masikio yao yalikuwa yamezoea mashine, rumba ilikuwa haiwafikii tena. Walikuja na vumbi lao usoni, walisimama tu, wakitikisa vichwa. Hawakucheza na wanawake. Walitazama spika kama watu wanatazama nyumba inaungua. Baada ya mwaka mmoja tulisikia kuna vijana Kisumu wanachana redio za baba zao wakitafuta sauti hiyo, na wengine Kampala. Walipigwa na baba zao na hawakuipata. Maana Fundi hakumwonyesha mtu.

Hilo ndilo jambo la kwanza mtu aelewe kuhusu yeye. Mafundi wa redio wa wakati ule wote walikuwa wachoyo wa ujuzi, lakini huyu alizidi. Alikugeuzia mgongo akifungua hata tochi. Mbele ya spika ya sinema alishona kitambaa cheusi, nyuma alipiga skrubu kumi na mbili. Ukimuuliza sauti inatoka wapi alisema, "Kwenye nyaya za gitaa." Mimi niliamini. Karani aliamini. Tulikaa na sanduku lile miaka, tukalibeba kwa mabega yetu Osukuru na Masafu na Busia, na hatukujua ndani mna nini.

Jambo la pili: alikuwa mwoga. Vijana wanaokuja siku hizi kuniuliza wanataka niseme alikuwa shujaa aliyepigana na serikali kwa gitaa. Si kweli. Akiona gari la jeshi alijificha chooni. Kwenye rodibloki alijibu "Ndiyo afande" hata kabla ya kuulizwa. Lakini kupunguza sauti, hapana. Hilo halikuwemo katika woga wake. Palikuwa na sajenti mmoja aliyependa kuja Osukuru kwenye dansi zetu, anakaa mbele kabisa na bunduki mapajani, kisha anachoka masikio anainua mkono: "Wewe. Punguza hiyo kitu."

Fundi akajenga kitufe. Kitufe kikubwa, chekundu, katikati ya amplifaya iliyofungwa juu ya sanduku, hakikuunganishwa na chochote. Sajenti akiinua mkono, Fundi aliinama kwa heshima, akakizungusha taratibu kuelekea kushoto, akamtazama usoni. "Hapo sawa, afande?"

"Hapo sawa. Unaona? Sasa inasikika vizuri."

Tulipiga kwa sauti ile ile. Karani ilibidi atazame ukutani asicheke. Na Fundi, nakuapia, tukimaliza alikwenda nyuma ya jengo kutapika.

Aliimba Kiswahili. Upande wetu wa mpaka watu wengi hawakukipenda, walisema ni lugha ya wanaokuvunjia mlango. Karani alimwomba aimbe Lusamia, au Dhopadhola, au hata Kiingereza cha kanisa. Fundi akasema, "Nataka wenye bunduki wasikie bila mkalimani." Ukisikiliza maneno yenyewe, hayakuwa ya siasa. Aliimba juu ya chumvi kukosekana. Aliimba juu ya mtu anayerudi nyumbani akakuta kiti chake kiko tupu, na yeye mwenyewe hayumo ndani yake. Huo sikuuelewa na sijauelewa hadi leo.

Nyumbani kwake hakuna aliyeruhusiwa kugonga sufuria. Mke wake alikuwa anapika kama mwizi. Jirani akifungua redio, Fundi alikwenda kumwomba apunguze, kwa upole, huku mkono uko kifuani. Nilimwambia, "Fundi, wewe unatoboa watu masikio Jumapili, halafu Jumatatu unakataza sufuria." Akanijibu, "Ile ya Jumapili nimeichagua."

Na alikuwa na neno lake. Tukimaliza wimbo, watu wamesimama midomo wazi, mimi jasho limeloanisha hadi viatu, alituangalia akasema, "Bado." Basi. Karani akilalamika, alisema, "Bado kidogo." Ukimpendeza kabisa alisema, "Hapo." Hilo nililisikia mara mbili katika miaka yote ile, na mara zote mbili nilitembea nyumbani kama nimepandishwa cheo.

Alitaka kitu kimoja duniani: ile sauti ikae kwenye santuri. Si pesa, wala si jina. Alikuwa ameanza kusikia mlio sikioni, wa kushoto kwanza, na alijua kazi yake kuliko daktari. Aliniambia siku moja tukiwa tunashusha sanduku Masafu, "Hii sikio yangu inakwenda. Nikishika santuri moja tu, ikwende."

Nafasi ya santuri ikaja. Mtu mmoja mwenye studio Nairobi alikuja Busia upande wa Kenya kwenye msiba wa mama mkwe, akavuka mchana akatusikia tukipiga Busia upande wetu, akasimama na suti yake ya msiba mpaka mwisho. Akasema njooni, nawapa asubuhi moja, nyimbo mbili. Fundi alimshika mkono akasahau kuuachilia.

Tatizo lilikuwa kuvusha. Gitaa unaweza kusema ni lako. Lile sanduku wangelichukua mpakani, wangesema ni mashine ya kupeleleza. Kazi hiyo ilikuwa yangu, maana njia za kupita kwenye mahindi nilizijua kuliko walioyalima. Nililipakia kwenye mkokoteni chini ya ngozi mbichi, zinanuka mpaka nzi wenyewe wanasita, nikapita saa ya chakula cha wanajeshi. Hakuna aliyeinua hata ngozi moja. Nikafika upande wa pili, nikaliweka kwa fundi mwingine wa redio niliyemfahamu, niwasubiri wenzangu siku nne.

Sasa nitaandika lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Siku ya pili nilitaka kulisafisha sanduku, damu ya ngozi ilikuwa imeingia pembeni. Nikafungua skrubu zote kumi na mbili. Nikaona. Karatasi ya spika ilikuwa imechanwa kwa wembe kuanzia katikati hadi ukingoni, michano mingi, na juu ya michano viraka vya karatasi ya mfuko wa saruji, vimegandishwa kwa uji wa muhogo. Nilishika kichwa. Nikajisemea, kumbe. Huyu mzee amekuwa akipiga na kitu kibovu miaka yote, anaficha kwa aibu, kama mtu anayekaa chini ili usione kiraka cha suruali. Na sasa tunakwenda Nairobi, kwa watu wenye mashine za maana.

Nilikuwa na fedha ya ngozi. Nikanunua spika mpya, kubwa, ya Ulaya, karatasi yake nyeusi inang'aa. Yule fundi mwingine akaifunga. Ile ya zamani akaniuliza aifanyeje. Nikamwambia, "Toa sumaku, iliyobaki washia moto." Akawashia moto. Nilitazama inaungua na nilifurahi. Nilikuwa nimeshapanga maneno nitakayomwambia Fundi, na nimepanga hata uso nitakaouweka wakati ananishukuru.

Nairobi, asubuhi, chumba chenye mazulia ukutani. Fundi alichomeka gitaa. Akapiga uzi wa chini. Ikatoka sauti safi, nyororo, kama ya kwaya ya wanafunzi wa seminari.

Akatazama waya. Akazungusha vitufe, hata kile chekundu. Kisha akanitazama mimi.

"Nani amefungua?"

"Mimi, Fundi." Nilikuwa natabasamu. "Nimekuwekea mpya. Ya Ulaya."

"Ya zamani iko wapi?"

"Ile imekwisha. Tulichoma. Ilikuwa imechanika kabisa, Fundi, imejaa viraka."

Hakupandisha sauti. Aliinama kama anatafuta kitu sakafuni, halafu akamwomba mwenye studio wembe. Akachana ile mpya mbele yetu sote, bila kutugeuzia mgongo, mara ya kwanza kumwona akifanya kazi wazi. Hapo ndipo nilielewa. Akaomba mfuko wa saruji.

"Wa saruji?" mwenye studio akauliza. "Mzee, hapa ni studio."

"Hapa Nairobi hamjengi?"

"Tunajenga. Lakini saa yako inakwenda."

Alijaribu gazeti. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Mwenye studio akasema hapana, hiyo siirekodi, akachukua waya wa gitaa akauchomeka kwenye mashine yake mwenyewe. Tukapiga nyimbo mbili hivyo. Mimi, kwa uchungu na aibu, nilipiga drams kama nataka zipasuke. Tulipomaliza nilisubiri aseme "Bado." Hakusema. Alifunga gitaa kwenye blanketi lake akauliza basi linaondoka saa ngapi.

Mngeweza kurudi siku nyingine, vijana wananiambia. Siku ipi? Wiki chache baadaye gari lilisimama stesheni, watu wawili wenye miwani myeusi wakamwita Karani kwa jina, akatoka na tai yake, akaacha chai mezani. Hatukumwona tena. Mke wake alikwenda kila ofisi mpaka wakamwambia akiendelea kuuliza watamjibu. Kokoto ikaishia hapo. Fundi alijaribu spika nyingine peke yake, na wembe na saruji na uji. Nilipita nikamkuta amekaa mbele yake. "Bado," akasema, na akaichomoa. Baadaye alihama Tororo, akaenda kuishi karibu na Masafu, akatengeneza redio za wakulima.

Hakunilaumu hata siku moja, na kama angenilaumu ningemjibu, maana mdomo ninao. Ningesema, ungetuonyesha ndani ningejua. Na hilo ni kweli. Lakini hakunipa nafasi. Nikawa nampelekea vitu. Sukari wakati haipatikani. Sabuni. Baadaye, malori yalipokuja, mabati ya paa. Alipokea, akashukuru, akaniuliza habari za watoto. Neno moja tu ndilo sikumpelekea, na halikuwa na uzito wa kuhitaji lori.

Mwaka jana vijana wawili walikuja kwangu kutoka Nairobi, fulana nyeusi, nywele ndefu, wana adabu kuliko wanavyoonekana. Muziki wao wanauita metali. Wanasema kwao Kokoto ni bendi ya kuheshimiwa, kwamba santuri yetu inatafutwa mpaka Ulaya, na wale wasioipata wananakiliana kwenye simu. Wakaniwekea. Nilisikiliza. Gitaa safi, nyororo, na nyuma yake drams kama nyumba inaanguka.

"Mzee," mmoja akasema, "hizo drams ndizo zilianzisha kila kitu. Wewe ndiye mwenyewe."

Nilipokea ile sifa. Niliinywa pamoja na chai, nikawaacha wanipige picha nimesimama mbele ya lori. Walipoondoka, mjukuu wangu akaniuliza yule aliyepiga gitaa alikuwa nani, mbona anasikika mbali hivyo. Kesho yake nikapanda boda kwenda Masafu, na mgongo huu wangu.

Fundi alikuwa amekaa barazani, mwembamba, shati limefungwa mpaka shingoni. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alinitolea kiti. Nilimsalimu Fundi, akatazama midomo yangu akatikisa kichwa.

"Baba hasikii tena, mzee," binti akasema. "Masikio yote mawili. Unamwandikia hapa." Akanipa daftari na kalamu.

Nilishika kalamu ile. Mimi ambaye nimewatukana maofisa wa forodha mpaka wakanifungulia geti, nikakaa na daftari la mtoto kwenye goti. Binti akasema, "Niambie mimi nikuandikie." Nikamwambia hapana, hii naandika mwenyewe. Nilichukua muda mrefu. Niliandika: *Fundi. Spika ni mimi. Niliharibu kazi yako. Nisamehe.*

Akasoma. Akasoma tena. Nikamwona anachana ule ukurasa kutoka kwenye daftari, polepole, kwa kufuata mstari. Akaushika kati ya vidole viwili, akausugua, akaukunja pembe moja, akaukunjua. Kama anavyopima kitu dukani.

"Hii nyepesi," akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa yeye mwenyewe haisikii. "Hii haiwezi kuunguruma. Lete ya saruji."

Binti akanitazama. Nikainuka. Jirani wa tatu alikuwa anajenga, na mafundi wake walinishangaa, mzee mwenye saa ya dhahabu anaomba mfuko mtupu. Nikaukung'uta, vumbi likaniingia puani, harufu ile ile ya watu wa Osukuru wakiwa wamesimama mbele yetu. Nikarudi nao.

Fundi alikuwa tayari ameshaiweka redio ya binti yake mapajani na kuifungua nyuma. Wembe ulikuwa mkononi.

"Baba, hiyo redio yangu," binti akasema, lakini kwa sauti ya chini, si ya kusikiwa.

Alichana michano minne. Akaomba uji, binti akaleta uliobaki wa asubuhi. Alikata karatasi ya saruji vipande vyembamba kama kucha, akavibandika kimoja kimoja, na hakunigeuzia mgongo. Mara mbili alinishika mkono akanionyesha kwa kidole wapi panabanwa na wapi panaachwa huru. Tukakaa juani tukisubiri ikauke.

Kisha akawasha. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Mtangazaji alikuwa anasoma ukoo wa marehemu mmoja na mahali pa mazishi, na sauti yake ilitoka kwenye kile kijiredio kama lori la mawe linapanda mlima kwa gia ya kwanza. Binti akaziba mdomo. Mimi nilisikia kwa masikio. Fundi aliweka kiganja juu ya spika, akafumba macho, akakisogeza kidogo, akatulia.

"Hapo," akasema.